Je, wajua kwa nini jiji lililouza nyumba zake zote lilianzisha tena kampuni ya nyumba?

Mwaka 2006 madiwani wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, walipiga kura kuiuza kampuni ya nyumba ya jiji, WOBA, pamoja na nyumba zake zipatazo 48,000. Mnunuzi alikuwa Fortress, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, na bei ilikaribia euro bilioni 1.7. Jiji likalipa madeni yake yote, na wapo waliolisifia. Mwaka 2017 jiji hilohilo likaunda kampuni nyingine ya nyumba, ikaanza upya kabisa. Kulikoni?

Jibu limo katika namna kampuni hizi zinavyopata riziki. Halmashauri ndiyo mwenye hisa, mara nyingi pekee. Kampuni ina bodi yake na hesabu zake, hukopa ili kujenga, kisha hulipa mkopo kwa kodi ya wapangaji. Miaka ya mwanzo ni ya kubana matumizi, kwa sababu karibu kila senti ya kodi huliwa na riba, marejesho na matengenezo. Lakini mkopo huisha, nyumba hubaki. Jengo la miaka 40 lisilo na deni linaweza kutoza kodi ndogo na bado likaacha ziada, na ziada hiyo ndiyo inayoezeka mapaa upya na kuanzishia jengo linalofuata. Nyumba kuukuu ndizo zinazozaa nyumba mpya.

Ukiuza zile kuukuu, basi, umeuza ng'ombe pamoja na maziwa ya miaka yote ijayo.

Tusiwaonee madiwani wa Dresden. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, watu wengi wa mashariki walihamia magharibi kutafuta kazi, na nyumba nyingi zikabaki tupu. Nyumba tupu haileti kodi, lakini bomba lake hupasuka kama la nyumba nyingine yoyote. Kwa hesabu za wakati ule, kampuni ilionekana mzigo na deni la jiji lilikuwa la kweli. Gawanya bei kwa idadi ya nyumba, utapata wastani wa euro 35,000 hivi kwa kila moja. Baadaye watu wakarudi, jiji likakua, na halmashauri haikuwa tena na nyumba yake ya kumpa mwenye kipato kidogo.

Mkataba wa mauzo ulikuwa na masharti ya kuwalinda wapangaji. Hata hivyo, mwaka 2011 jiji lilimshtaki mmiliki mpya likidai ameyavunja, na mwaka uliofuata pande hizo zikapatana. Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa kuliko hata ya fedha: diwani aliyekuwa akiamua kodi ipande au isipande sasa anahitaji wakili ili asikilizwe.

Je, kubaki na kampuni kunatosha? Hapana. Croydon, kusini mwa London, halmashauri iliunda kampuni yake ya ujenzi, Brick by Brick, mwaka 2015, ikaikopesha karibu pauni milioni 200. Kampuni hii haikurithi maelfu ya nyumba zilizokwisha kulipiwa. Ilitegemea sana kujenga na kuuza, na wakati huohuo mwenye hisa, mkopeshaji na mtoaji wa vibali vya ujenzi alikuwa mmoja: halmashauri. Nani angemwambia mwenzake kwamba fedha hazirudi? Wakaguzi walilisema hadharani Oktoba 2020, na mwezi uliofuata halmashauri ikatangaza rasmi kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Kampuni ile haikuwa chanzo pekee cha anguko hilo, ila ilichangia.

Kwa hiyo mjadala wa kuiuza au kuibakiza kampuni ya nyumba unapofika barazani, swali la kwanza liwe ni nyumba ngapi zimekwisha kulipiwa na ziada yake inakwenda wapi. La pili, nani anakagua hesabu bila kuwa mtu wa ndani. Kampuni yenye nyumba kuukuu nyingi na ukaguzi mkali hustahimili hata miaka mibaya. Yenye mikopo mipya pekee huweza kuzama kabla jengo la kwanza halijakauka rangi.

Berlin nayo iliuza. Mwaka 2004 ilitoa mojawapo ya kampuni zake za nyumba, GSW, yenye nyumba takriban 65,000, kwa euro milioni 405, mnunuzi akibeba na madeni ya kampuni hiyo. Mwaka 2021 kampuni za umma za jiji hilo zilikubali kununua nyumba 14,750 hivi kutoka kwa makampuni binafsi, kwa euro bilioni 2.46.