Kabla hujamtajia mwenye nyumba bei, piga hesabu yako mwenyewe

Malalamiko ya ununuzi wa nyumba hapa Tanzania yanayofika mezani kwetu yanafanana. Mtu ameona tangazo, "milioni 120, maongezi yapo", akaongozana na dalali, akaomba apunguziwe, akaachiwa kwa milioni 105 na kurudi nyumbani amefurahi. Anapokwenda benki kuomba mkopo wa kumalizia, taarifa ya uthamini inasoma milioni 88. Lawama zote anapewa mthamini, yule mtaalamu aliyekadiria thamani ya nyumba. Naomba tuelewane hapa: thamani hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila mnunuzi hakuitafuta.

Bei ya kwenye tangazo ni matarajio ya muuzaji, na mara nyingi ndani yake kuna fungu la dalali na nafasi ya kupunguza. Ukianza hesabu hapo, hata ukipunguziwa milioni 15 hujui kama umepata nafuu. Anza na nyumba zilizokwisha kuuzwa mtaa uleule au wa jirani, ndani ya mwaka mmoja au miwili. Nyumba ambazo bado zinatangazwa hazisaidii, kwa sababu hakuna aliyekubali kuzilipia bei hizo. Ulizia kwa wenyeji, kwa madalali zaidi ya mmoja, kwa waliohamia karibuni. Pata angalau tatu, kisha sawazisha: ipi ina hati, ipi ipo kando ya lami, ipi ina kiwanja kikubwa.

Muuzaji atakwambia ametumia milioni 150 kujenga. Huenda ni kweli, lakini gharama ya ujenzi na thamani ya soko ni vitu viwili tofauti. Jipsamu na vigae alivyochagua yeye havirudishi pesa yote, na nyumba ya ghorofa katikati ya mtaa usiofikika na gari haiuzwi kama ya Mbezi Beach, mtaa wa wenye uwezo Dar es Salaam. Hili tunalieleza kila wiki, na bado watu wazima wenye kazi zao wanalileta kama hoja.

Baada ya hapo kagua nyumba. Usiende mara moja tu, wala jioni tu. Sogeza kabati lililoegemea ukuta wa nje: rangi ikiwa imevimba na unga mweupe unadondoka ukiugusa, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Panda darini uone mbao za kenchi kama zimeliwa na mchwa. Fungua mfuniko wa shimo la maji machafu. Muulize jirani, siyo muuzaji, maji ya masika yanafika wapi. Kila utakachokiona mpe fundi wako akipigie gharama, nawe uitoe kwenye bei.

Yapo mambo ambayo hayana punguzo. Sheria ya Barabara ya 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Nyumba iliyomo humo usiitajie bei yoyote, hata muuzaji akishusha hadi nusu.

Sasa nyaraka, na hapa naomba usome taratibu. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kujua mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Angalia muda uliobaki kwenye hati, kwani hati ya miaka 33 iliyobakiza sita si sawa na ya miaka 99 iliyotolewa juzi. Leseni ya makazi, yaani ruhusa ya muda mfupi ya kukaa kwenye maeneo yasiyopimwa, si hati, na bei yake isilingane na ya hati. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza ipatikane kwa maandishi. Kama ni ya urithi, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayeuza, siyo kaka mkubwa. Deni la pango la ardhi, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa serikali, lazima lilipwe kabla ya uhamisho kukamilika, kwa hiyo ulizia ni la miaka mingapi na nani atalilipa.

Uhamisho wenyewe unapitia Fomu Na. 29 (taarifa ya uhamisho), 30 (maombi ya kibali) na 35 (hati ya uhamisho), pamoja na taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Aliyeandaa taarifa hiyo awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Ushuru wa stempu, takribani asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, na ukicheleweshwa unaongezeka adhabu. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru na adhabu vilipwe.

Wapo wanaoshauriana waandike bei ndogo kwenye mkataba, tuseme milioni 40, ili kodi ipungue. Tafadhali acheni. Thamani iliyoidhinishwa itaonekana tu, na siku muuzaji akikugeuka, mkataba utasema ulilipa milioni 40 na hizo ndizo utakazoweza kuzidai.

Muuzaji akisema "hiyo ni hela yangu mkononi", maana yake kodi zake anakuachia wewe. Si lazima ukatae, lakini ziingize kwenye hesabu. Tuchukue mfano ule wa milioni 120. Nyumba tatu zinazofanana, baada ya kusawazishwa, zinakupa milioni 96. Kenchi na shimo la maji machafu vinahitaji milioni 5. Deni la pango ni laki 4. Kodi ya muuzaji, kwa asilimia 3, inakaribia milioni 2.7. Kikomo chako kinakuwa takribani milioni 88. Kiandike kabla ya kwenda kuonana naye, kisha anzia milioni 80 au 82, ukiwa na orodha ya matengenezo mkononi. Muuzaji mwenye nia atajadili orodha hiyo. Akikataa kushuka chini ya milioni 100, mwache, nenda kaone nyingine.

Mkifika bei, usitoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kwa neno la mdomo wala kupitia kwa dalali. Andikeni mbele ya wakili kwamba fedha hiyo inarudi yote endapo upekuzi utaonyesha rehani ambayo haikutajwa, mwenza atakataa kuridhia, au kibali cha uhamisho kitanyimwa. Ilipwe kwenye akaunti ya benki ya mtu yuleyule ambaye jina lake limo kwenye hati, na salio libaki hadi fomu za uhamisho ziwe zimesainiwa.