Ushirikishwaji wa umma ni nini, na pesa za kuboresha tao unaziulizia wapi

Ushirikishwaji wa umma kwa kifupi ni hivi: kaunti haifai kupanga pesa wala kubadilisha mji bila kuwauliza wenye mji kwanza, na kuulizwa si kupigwa picha mkiwa chini ya hema na soda mkononi. Ni kupewa karatasi mapema, kusikilizwa, halafu kuambiwa maoni yenu yalikubaliwa au yalikataliwa kwa sababu gani. Tena hii si hisani ya gavana. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 201, inataka pesa za umma ziendeshwe kwa uwazi na wananchi wakiwemo, na kifungu cha 196 kinalibana bunge la kaunti lifanye kazi yake mbele ya watu.

Na korti imeshaonyesha kuwa si maneno ya mapambo. Kiambu walipitisha sheria yao ya fedha ya 2013, ile ya ushuru na ada, watu wakaenda mahakamani wakasema sisi hatukuulizwa, na 2014 Mahakama Kuu ikaifuta sheria nzima, jaji akasema haitoshi kurusha tangazo mahali halafu uwaachie watu walitafute wenyewe.

Sasa penye shida kubwa ni muda. Wengi wetu huamka tukiona mabati yamezungushwa sokoni na vibanda vimeng'olewa, ndio tunaanza kuuliza ni nani aliamua na ni pesa ngapi, na saa hiyo kandarasi imeshasainiwa zamani. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mazungumzo yake yanaanza karibu mwaka mzima kabla. Kufikia Septemba 1 kaunti inatakiwa iwe imepeleka kwa bunge la kaunti Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule watu wanauita ADP, humo ndimo miradi inatajwa. Kufikia Februari 28 inakuja ile karatasi ya mkakati wa fedha wa kaunti, CFSP, ambayo inaweka kiwango cha juu cha pesa kwa kila idara, kisha kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yenyewe yanafika bungeni. Kwa hivyo ukija Mei kuomba soko jipya na idara ya biashara ilishapimiwa pesa tangu Februari, utaandikwa kwenye daftari, utashukuriwa, basi. Mimi naona kikao kidogo cha ADP ambacho hakina watu kina uzito kuliko kile cha Mei kilichojaa hadi mlangoni, na inauma kwamba hicho kidogo ndicho hakitangazwi vizuri.

Kwa mambo ya tao kuna kitu kingine ambacho wakaazi wengi hawajui. Mji ukishapewa hadhi ya manispaa unakuwa na bodi yake na meneja wake, kwa Sheria ya Miji ya 2011, na sheria hiyo hiyo inasema wakaazi wawe na jukwaa lao la kuiuliza hiyo bodi. Ule mpango wa KUSP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliojenga barabara, mitaro, taa, masoko na steji kwenye miji mingi, uliendeshwa kupitia hizi bodi. Kwa hivyo kama kabro, yale matofali ya njia, imeng'oka baada ya mvua moja, usimpigie MCA, yaani mwakilishi wenu kwenye bunge la kaunti, peke yake, MCA kazi yake ni kupitisha bajeti na kusimamia, nenda pia kwa meneja wa manispaa ukamuulize nani alikagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa.

Na msiende mmoja mmoja, wala msiende watu wa aina moja. Luthuli Avenue pale Nairobi ilipobadilishwa 2019, njia ikawa ya upande mmoja, sehemu ya kutembea ikapanuliwa, miti ikapandwa. Anayepita kwa miguu anafurahia, mwenye duka la redio na spika anawaza mzigo utashukia wapi, mtu wa matatu anawaza abiria. Wote wana haki, na kikao kikiitwa Jumanne saa nne asubuhi, mama mboga ambaye kibanda chake ndicho kitavunjwa hawezi kuja, atauza saa ngapi? Hapo ushirikishwaji umeshaharibika kabla haujaanza, hata kama wameweka sahihi watu mia mbili.

Swali zuri huwa lina jina la mradi na kiasi cha pesa. Usiulize "pesa zetu zinaenda wapi", watakujibu kwa hotuba. Uliza: mradi huu wa mitaro ulitengewa ngapi, mkandarasi amelipwa ngapi mpaka leo, mbona haumo kwenye ADP. Majibu ya kulinganisha yapo, Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka ya matumizi ya kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu naye hutoa yake. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo, ukikuta ripoti inaonyesha mishahara na safari zimelipwa vizuri lakini masoko na barabara zimepata makombo, hilo ni swali zito na lina ushahidi.

Wakikunyima karatasi, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali ombi la Kiswahili au Kiingereza, hulazimiki kueleza unaitakia nini, kuomba ni bure ila gharama ya kutoa kopi, na ofisi inatakiwa ikupe uamuzi ndani ya siku 21. Ikikataa una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, ile inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Barua weka nakala, ipigwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri watasema hawakuiona.