Mkanda wa taimingi: kisiwani hesabu miaka

Swali ninaloulizwa sana gerejini hapa Chake, Pemba, ni hili: "Fundi, taimingi nibadilishe ikifika kilomita ngapi?" Taimingi ni mkanda ulio ndani ya kava la injini, unaounganisha kranki, mhimili wa pistoni, na kamshafti, mhimili wa valvu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati. Watu wameshika laki moja, na kwa Toyota nyingi za zamani ndivyo kitabu cha gari kinavyosema. Lakini Pemba nzima, kusini hadi kaskazini, haifiki kilomita 70. Mwalimu anayekwenda kazini na kurudi kilomita 20, siku 300 kwa mwaka, anapata kilomita 6,000. Laki ataifikia baada ya miaka 16 na ushei. Mkanda ni mpira, haumsubiri. Unakaushwa na joto la injini gari ikienda, na unazeeka hata gari ikilala uwani.

Mimi basi nahesabu miaka. Ikitimia saba tangu ufungwe, naubadilisha, mita isome itakavyosoma. Gari ya mtumba iliyokuja bila ushahidi, mkanda wake nauhesabu umekwisha siku ileile inaposhushwa bandarini. Na ushahidi upo, ila watu wanaubandua wakiosha injini: gereji za Japani hubandika kijikaratasi chini ya boneti au juu ya kava la taimingi, chenye tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Ukikuta mwaka umeandikwa 25 usishangae, hiyo ni hesabu yao ya Heisei, miaka ya enzi ya mfalme wao. Jumlisha 1988, utapata 2013.

Dizeli nyingi za Toyota, Hilux na Hiace za zamani, zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa ile haiuoni mkanda. Inawaka kwa kuwa mita imetimiza kilomita zilizopangwa, basi. Wapo wanaoizima bila ya kugusa mkanda, kisha gari inauzwa.

"Si ufungue tu uangalie?" Nilikuwa nikifanya hivyo. Ami mmoja wa Konde aliniletea Hilux yenye injini ya 3L, nikafungua kava, nikatazama mgongo wa mkanda na meno yake: hakuna ufa, hakuna uzi uliochomoza. "Ami, huu bado mzima," nikamwambia, naye akaniamini. Miezi mitatu haikutimia ukakatika njiani, gari ikarudi Chake kwa kuburuzwa. Valvu zimepinda, silinda hedi ikabidi ishushwe. Sikumuuliza ulifungwa lini, na hilo ndilo lilikuwa swali. Ukiona ufa, au mkanda umelowa oili kutoka kwenye sili inayovuja, badilisha leo. Usipoona kitu, hujajua kitu.

Sauti nayo isikudanganye. Ule mlio wa kukwaruza asubuhi ya mvua ni wa mkanda wa nje, unaozungusha altaneta. Wa taimingi mara nyingi hukatika kimya.

Hasara inategemea injini. 5A-FE na 3S-FE, injini za petroli za Toyota, zina huruma: mkanda ukikatika gari inazima tu, unafunga mwingine unaondoka. Dizeli kama ile 3L haina huruma hiyo. Inashindilia hewa zaidi ya mara 20, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi iliyobaki ni ndogo mno, na valvu iliyobaki wazi inapigwa. Mwenye Vitz au IST yenye injini ya 1NZ, wewe una cheni badala ya mkanda. Badilisha oili kwa wakati na utuache na mikanda yetu.

Ukishaamua kubadilisha, usinunue mkanda peke yake. Beringi ya kukazia nayo imekula miaka ileile. Kwenye 3S pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, na ikigoma inauharibu mpya, nawe unalipa ufundi mara mbili. Dukani angalia mkanda haukukunjwa kama kamba. Ukishakunjwa hivyo, nyuzi za ndani zinavunjika bila ya kuonekana.

Na simama karibu fundi akimaliza. Kabla ya kugusa swichi, lazima aizungushe injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya kranki, ili kamshafti izunguke mara moja na alama zote zirudi mahali pake. Akitaka kupiga stata moja kwa moja, mwambie ashushe mkono. Mimi nikishaona alama zimekaa, nafunga kava na kuandika juu yake tarehe na kilomita, kwa rangi nyeupe isiyotoka kwa maji.