Tairi za msimu ni nini, na mbona zatuhusu hata sisi wa Malindi

Tairi za msimu maana yake ni hivi: mtu ana gari moja lakini ana seti mbili za magurudumu, moja ya kiangazi na moja ya baridi, na kila mwaka anazibadilisha mara mbili. Seti moja iko kwenye gari, ingine iko stoo inangoja zamu yake. Huku kwetu upepo ndo hubadilika, kaskazi ikatoka kusi ikaingia, lakini tairi ni zile zile mpaka nyuzi zionekane, kwa hivo mtu akiskia binamu yake alo Ujerumani anasema "wikendi hii nabadilisha tairi" anadhani jamaa kapata pancha.

Wengi hudhani sababu ni theluji tu. Theluji imo, lakini kubwa zaidi ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi ya kiangazi ukipoa sana unakuwa mgumu, na tairi ngumu haishiki lami vizuri hata kama barabara ni kavu kabisa. Kipimo chao cha kukadiria ni nyuzi 7 za selsiasi, chini ya hapo ndo wanaona bora ya baridi. Hiyo ya baridi mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye barafu, na ukiinama uangalie meno yake utaona vijichoro vyembamba vingi, kama mtu amepitisha wembe, hivo ndo vinavyong'ata theluji.

Nchi zingine ni sheria pia. Waulize Waitaliano waliojaa hapa Malindi, kwao barabara nyingi kuanzia 15 Novemba mpaka 15 Aprili lazima uwe na tairi za baridi au ubebe minyororo ya kufunga kwenye magurudumu. Ujerumani hawana tarehe, wanaangalia hali ya barabara siku hiyo, na tangu Oktoba 2024 tairi haihesabiwi ya baridi kama ubavuni haina alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani.

Kubadilisha, wengi wanajifanyia nyumbani, manake kila seti ina rimu zake kwa hivo hakuna haja ya mashini ya kuvua tairi. Gari kwenye sakafu sawa, hendibreki juu, kizuizi kwenye gurudumu la upande wa pili, halafu nati unazilegeza kidogo gari ikiwa BADO chini, usianze na jeki, ukishainua ndo ukaanza kupambana na nati gurudumu linazunguka na gari linatikisika juu ya jeki. Ukishavua unasugua kutu pale rimu inapokalia, unaweka ingine, unakaza nati kwa kuruka upande huu na upande ule sio kwa kuzunguka duara, unashusha gari, unamalizia na spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia, kulingana na kitabu cha gari. Ukishatembea kama kilomita 50 unaangalia tena nati. Hapo mafundi wetu wengi huwa washasahau, wanakupandia juu ya spana kwa miguu miwili basi imeisha.

Kuhifadhi ndo kwenye mambo. Tairi inaoshwa, inakaushwa, inaandikwa kwa chaki ilikuwa wapi, na andika kamili "mbele kulia" manake ukiweka M na K tu, kulia na kushoto zote ni K. Ikiwa na rimu inalazwa moja juu ya nyingine au inatundikwa, isiyo na rimu inasimamishwa wima na kugeuzwa mara moja moja, haitundikwi. Mahali pawe pa giza, pakavu, pa baridi kidogo, mbali na dizeli na grisi, mbali na jenereta na uchomeleaji vilevile, manake cheche za umeme hutoa ozoni na ozoni huupasua mpira.

Sasa linganisha na hapa. Spea nzuri kabisa mtu kaiweka juu ya paa la makuti au chini ya mwembe, jua linapiga mchana kutwa, ikinyesha masika maji yanajaa ndani, mbu wa dengi wanataga humo, na chumvi ya bahari inakula rimu. Halafu tairi ikipasuka tunasema ni ya kichina.

Na hili la msimu latuhusu zaidi kwa sababu ya magari ya kutoka Japani. Huko kuna sehemu zenye theluji kweli kweli kama Hokkaido, na gari zingine hushuka Mombasa zikiwa bado na tairi za baridi. Meno yanaonekana mapya, mnunuzi anafurahi, kumbe ule mpira laini kwenye lami ya Malindi saa saba mchana unaisha haraka, kona unaiskia gari inayumba, na breki zinachelewa kushika. Angalia ubavuni kama kumeandikwa STUDLESS, ndo Wajapani wanavyoziita tairi za baridi zisizo na misumari, au kuna ule mlima wenye theluji. M+S (yaani matope na theluji) peke yake isikutishe, iko hata kwenye tairi nyingi za gari kubwa za porini.

Ukiwa hapo hapo umeinama soma na umri: tafuta herufi DOT ubavuni, uangalie tarakimu nne za mwisho wa mstari huo, 4716 ni wiki ya 47 ya mwaka 2016. Na usiishie kwa zile nne za chini, fungua na buti uangalie spea, saa zingine ndo pekee iliyo ya kiangazi, saa zingine ndo pekee ya theluji.