Voisi za WhatsApp wakati wa mlipuko, anayeungua ni mtoto

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kesho yake shule zikafungwa, na huku Mtwara simu zikajaa voisi za watu tusiowajua, jifukize, kunywa hiki, paka kile. Mimi kazi yangu ni elimu ya afya kwa jamii na kusema kweli iliyonitisha kuliko zote ni ya nyungu, yaani kujifunika na kujifukiza mvuke wa majani yaliyochemshwa.

Mtu mzima mvuke ukimzidi anafunua blanketi anatoka. Sasa mtoto wa miaka mitatu umemfunika shuka, sufuria limetoka jikoni saa hiyohiyo, majani ya mwarobaini na malimau ndani, anaogopa, anarusha mguu, sufuria hilo limepinduka. Ngozi yake nyembamba, anaungua haraka na kwa ndani zaidi. Na sio kwetu tu jamani, hata Birmingham kule Uingereza madaktari waliandika mwaka huohuo kwamba watoto walioungua sababu ya kujifukiza wameongezeka mara 30. Na mvuke wenyewe hauui kirusi cha korona. Mtoto akiungua chukua maji safi ya baridi mmiminie kwa kata dakika 20, dawa ya meno hapana, asali hapana, alafu mbio kituo cha afya.

Iran kuna mtoto wa miaka 5 alipofuka, wazazi wake walimnywesha methanoli, spiriti yenye sumu, wakiamini inakinga korona. Wazazi wake mwenyewe, tena waliompenda. Ndo maana mimi sipendi kuwaita watu wajinga, mtu akiwa na hofu anashika chochote kilicho karibu.

Kuna madhara mengine hayaonekani siku hiyohiyo. Watu walivyoanza kuogopa sindano ya korona wengine wakaogopa mpaka chanjo za kliniki ambazo wao wenyewe walichanjwa wakiwa wadogo. Mwaka 2020 WHO na UNICEF walihesabu watoto milioni 23 duniani waliokosa chanjo za kawaida, sababu zilikuwa nyingi, huduma kusimama, usafiri, lakini na uvumi nao umo. Surua haisubiri korona iishe, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 kama hawajachanjwa. Alafu Februari 2022 Malawi wakatangaza polio, Mei ikawa Msumbiji, na Msumbiji na sisi kinachotutenga ni mto Ruvuma tu, watu wanavuka kila siku.

Kwa hiyo leo ukimaliza kusoma itoe kadi ya kliniki ya mtoto, angalia surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Kama ya pili haijajazwa na mtoto keshafika miaka mitatu mpeleke tu, huanzi upya, na nesi akikugombeza mwambie umetumwa na mimi.