Samaki-mkono ni samaki gani?

Samaki-mkono, au handfish kama Waaustralia wanavyomwita, ni samaki mdogo anayetembea chini ya bahari badala ya kuogelea, yaani mapezi yake ya pembeni yamekaa kama viganja kabisa na ndo anajisogezea taratibu juu ya mchanga. Ninayemzungumzia hapa ni yule wa madoadoa, Brachionichthys hirsutus, anaishi kusini mashariki mwa Tasmania tu, kisiwa cha Australia, hasa pale mto Derwent unapoingia baharini mjini Hobart, na akikua sana hafiki hata sentimita 15.

Sasa ili uelewe kwanini yuko hatarini angalia anavyozaa. Samaki wengi wa baharini mayai au watoto wao hubebwa na mkondo wakaenda kuanzia maisha mbali, huyu hapana. Jike anataga mayai machache tu, mia na kitu hivi, anayazungushia kwenye kiumbe flani laini kilichosimama mchangani, halafu anakaa hapohapo kuyalinda wiki kadhaa mpaka yaanguliwe, na watoto wanatoka wameshakamilika, wanashuka chini wanaanza kutembea palepale walipozaliwa. Kibofu cha hewa cha kumsaidia kuelea nacho hana. Kwahiyo sehemu moja wakiisha ndo wameisha, hamna wengine wa kuja haraka kujaza pengo.

Na hiyo ndo ishu ya Derwent. Kuna kiti cha pweza, yaani starfish, kutoka Pasifiki ya kaskazini, inaaminika alikuja na maji ambayo meli hubeba tumboni ili zisiyumbe, akazaana vibaya mno na anakula vile viumbe vya kutagia. Ongeza minyororo ya boti inayokwangua chini na uchafu wa mji. Mwaka 1996 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikamweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, samaki wa kwanza wa baharini kufika huko.

Kinachonipa moyo ni kazi ya watafiti wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya serikali ya Australia, wametengeneza vijiti vya kauri badala ya vile viumbe, wakavichomeka mchangani na majike wanataga kweli! Na kila samaki madoa yake ni ya peke yake, so wapiga mbizi wanapiga picha tu na kumtambua huyu ni yule wa mwaka jana, bila kumshika wala kumfunga alama yoyote.