Kombe la 2017 Lina Mwenyewe: Dhana Potofu Kuhusu Kuingiza Skoo za Zamani za Gofu

"Fundi, programu imemnyang'anya mzee wetu kombe."

Aliyenipigia ni katibu wa mashindano wa klabu moja, na kwa mwaka huu hiyo ni simu ya nne ya namna hiyo, kila moja kutoka klabu tofauti. Kazi yangu ni kuhamisha matokeo ya miaka ya nyuma kutoka kwenye mafaili ya Excel, madaftari na kadi zilizofungwa kwa mpira, na kuyaingiza kwenye programu za kuendesha ligi. Kila nikichimba chanzo cha malalamiko nakuta imani ileile. Nimechoka kuieleza kwenye simu, basi naiandika.

Dhana: "Ingiza grosi tu, neti programu itatoa yenyewe"

Itatoa, ndiyo. Grosi ni jumla ya mikwaju aliyopiga mchezaji; neti ni kinachobaki ukikata hendikapu yake, yaani mikwaju ya nafuu anayopewa kulingana na uwezo wake. Lakini itatoa kwa hendikapu ya leo.

Tuchukue mfano. Mwaka 2017 mchezaji mmoja ana hendikapu 18, anapiga 88, neti 70. Mwenzake ana 10, anapiga 81, neti 71. Wa kwanza anabeba kombe na jina lake linaandikwa kwenye ubao wa washindi. Miaka inapita. Bingwa amefanya mazoezi, sasa anachezea 11. Mwenzake magoti yamechoka, amepanda hadi 15. Sasa mtu anaingiza zile grosi mbili bila hendikapu: bingwa anapata neti 77, mwenzake 66. Kombe limehama. Hesabu ni sahihi kabisa, ila ni hesabu ya mashindano ambayo hayajawahi kuchezwa.

Matokeo ya zamani ni kumbukumbu. Kamati ilishayapitisha, zawadi zilishatolewa, picha zilishapigwa. Programu haiitwi kuyakokotoa upya; inaitwa kuyatunza. Kwa hiyo faili lako lazima liwe na safu ya hendikapu ya kuchezea ya siku ile, ile iliyoandikwa kwenye kadi, na matokeo yakishaingia yafungwe yasikokotolewe tena.

Nimesema hendikapu ya kuchezea, sikusema indeksi, ile namba ya msingi ya uwezo wa mchezaji anayokwenda nayo uwanja wowote. Watu wanaweka indeksi 14.2 kwenye safu hiyo halafu wanashangaa neti zina desimali. Indeksi huzidishwa kwa slopu (kipimo cha ugumu kwa mchezaji wa kawaida) ya tii (mahali pa kuanzia shimo) aliyochezea, hugawanywa kwa 113, huongezwa tofauti ya reitingi (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji stadi) na pari (mikwaju iliyopangiwa uwanja), kisha huchukuliwa asilimia ya aina ya mchezo, mara nyingi 95 kwa mashindano ya mtu mmoja mmoja. Hiyo ndiyo inayokatwa kwenye grosi. Indeksi ni mali ya mchezaji. Hendikapu ya kuchezea ni mali ya mchezaji, uwanja, tii na siku.

Kwa matokeo ya kabla ya 2020 sumbuko linaongezeka. Mwaka huo ndipo R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, walipoanzisha mfumo mmoja wa hendikapu duniani, kwa kuunganisha mifumo sita iliyokuwa ikitumika sehemu mbalimbali. Hendikapu 18 ya mwaka 2017 ilizaliwa kwa kanuni nyingine. Nimewaona makatibu wakikesha kuigeuza ifuate kanuni za sasa, kazi ya bure na yenye madhara. Iandike ilivyo.

Hapa huwa naambiwa, "Lakini fundi, hendikapu za zamani zimepotea." Mara nyingi hazijapotea. Faili likiwa na grosi na neti, toa neti kwenye grosi: 88 ukitoa 70 ni 18, umeipata. Kama ipo neti peke yake au grosi peke yake, usikisie. Ingiza nafasi walizoshika, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na pointi walizopewa kwenye msimamo wa ligi, mikwaju uiache wazi. Pengo ni la kweli. Namba ya kubuni ni uongo utakaosomwa na wajukuu wenu kama historia ya klabu.

Na hili nalisisitiza kwa kila klabu: kabla hujagusa kompyuta, chukua simu ukapige picha ubao wa washindi ulioko ukutani. Ukimaliza kuingiza, kaa na picha hiyo ulinganishe mwaka kwa mwaka. Programu na ubao vikitofautiana, ubao ndio unaosimama mpaka kamati iamue vingine. Kombe la yule mzee tulilirudisha ndani ya dakika kumi kwa kujaza safu moja tu. Maneno yaliyokwisha kusemwa baa siku tatu nzima hayakurudi.

Dhana: "88 ni 88"

Siyo. Kwenye tii zenye reitingi 71.2 na slopu 128, 88 inatoa difarensho (alama ya raundi baada ya kupimwa na ugumu wa uwanja) ya 14.8. Kwenye tii za mbele zenye 69.0 na 118, 88 hiyohiyo inatoa 18.2. Usipoandika tii, programu hujaza ile iliyowekwa kuwa ya kawaida, na wanawake na wazee ndio wanaoumia kwanza. Tena usidhani reitingi ya leo ndiyo ya zamani: viwanja hupimwa upya angalau mara moja kila miaka 10, na shimo likirefushwa au likihamishwa namba hubadilika kabla ya hapo. Uwanja uliobadilika uingize kama uwanja mwingine, wenye mwaka wake.

Kama kadi zipo, jaza shimo kwa shimo. Najua ni kazi ya kuumiza macho. Lakini waliofungana kwa neti walitenganishwa kwa mashimo 9 ya mwisho, kisha 6, 3 na 1, na programu yenye jumla tu haina cha kutazama. Itawapanga kwa alfabeti, na hapo tena kombe linahama.

Dhana: "Skoo za miaka kumi zitanyoosha hendikapu za wanachama"

Indeksi hutazama skoo 20 za karibuni na kuchukua wastani wa difarensho 8 bora. Mwanachama anayecheza kila wiki hazimgusi zile za 2015. Skrambo za wafadhili, ambako timu inachagua mpira mmoja mzuri, hazihesabiki kabisa. Na indeksi rasmi inatoka kwenye mfumo wa chama cha gofu cha nchi. Inayoonyeshwa na programu ya ligi ni ya ndani ya ligi.

Dhana: "Aliyejitoa mwekee sifuri"

Kwenye mikwaju, mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Ukiandika sifuri, aliyekwenda zake nyumbani baada ya shimo la tano anaongoza orodha. Tumia alama ambayo programu yenyewe imeweka kwa aliyejitoa na aliyeondolewa mashindanoni.

Dhana: "Faili letu ni safi, liko kwenye Excel"

Excel ndiyo inayonipa kazi nyingi kuliko madaftari. Sisi tunaanza na siku, na kompyuta iliyopangwa Kimarekani inaanza na mwezi. 05/04/2018 inakuwa tarehe 4 Mei, wakati 25/04/2018 inabaki kuwa maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Nusu ya msimu inahama kimyakimya, nusu inakataliwa. Andika mwaka kwanza, 2018-04-05, na hutapata taabu hiyo.

Matokeo ya ana kwa ana nayo huharibika humohumo: aliyeshinda 5/4, yaani akiongoza kwa mashimo matano huku yamebaki manne, anageuzwa tarehe. Namba ya uanachama 0047 inabaki 47, na programu inamwona mtu mgeni. Zifanye safu hizo kuwa maandishi kabla hujaandika chochote ndani yake, kwa sababu ukibadilisha baadaye sifuri hazirudi. Majina usiyategemee. "Juma A.", "A. Juma" na "Ali Juma" kwa programu ni watu watatu, kila mmoja na theluthi ya pointi zake. Mfunge kila mchezaji kwa namba ya uanachama.

Dhana: "Tukikosea tutaingiza tena"

Ukiingiza faili mara ya pili bila kufuta lile la kwanza, mashindano yanakuwa mawili na pointi za msimamo zinajirudia. Ukifuta kizembe, unaweza kuondoka na wachezaji wenyewe na mechi zao za msimu huu. Pakua nakala ya kila kitu kwanza. Yape mashindano kila moja namba yake isiyofanana na nyingine, kisha jaribu kwa shindano moja tu, lile ambalo wanachama wote wanakumbuka nani alishinda na kwa mikwaju mingapi. Likikaa sawasawa, endelea na mwaka mmoja kwa wakati, kuanzia wa karibuni ukirudi nyuma.